Kutia shoka mpini mpya: masizi, kabari na mafuta

Hamjambo. Hiki mezani ni kichwa cha shoka cha kilo moja na nusu, na hicho kigogo kilichopasuka ndicho kilichokuwa mpini wake. Anayeshika simu ni mpwa wangu, kwa hiyo picha ikitikisika mlaumuni yeye.

Tunaanza kwa kutoa mabaki. Kata mpini kwa msumeno chini kabisa ya kichwa. Kibane kichwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, toboa mbao iliyobaki ndani matundu manne au matano kwa keekee, halafu isukume kwa kipande cha nondo itokee upande wa juu. Lazima juu, kwa sababu tundu la mashoka haya ya dukani ni jembamba kiunoni na limepanuka tena kule juu, na hapo ndipo kabari ilipoibana mbao. Najua wengi hutupa kichwa kwenye makaa ili mbao iungue yenyewe. Usifanye. Makali yale yalipewa ugumu kwa moto uliopimwa. Ukiyapasha hovyo ugumu unaondoka, na toka siku hiyo unanoa asubuhi, jioni yamejikunja.

Sasa mti. Mimi napenda mpera. Haujivuni, unaota nyuma ya choo, lakini unavumilia kishindo. Mkwaju nao ni mzuri sana ukiupata ulionyooka. Mninga nauheshimu kwenye kitanda, mpingo waachie wachonga vinyago, ni mzito na mgumu bila sababu. Mkaratusi nimeujaribu, ukikauka unapenda kupasuka.

Muhimu kuliko jina la mti ni nyuzi zake. Tazama hapa, nakisogeza karibu kipande hiki. Gogo hili sikulikata kwa msumeno, nililipasua kwa kabari, na mpasuko hufuata nyuzi zenyewe. Maana yake uzi unaoanzia kichwani unafika hadi kitakoni, mwisho wa mpini unaposhikwa. Kwenye hiki cha pili, kilichotoka kwenye ubao, nyuzi zinatoka ubavuni hapa katikati. Hapo ndipo kitakapokatika, hata ukichonge vizuri namna gani. Epuka fundo, epuka pia kiini cha mti.

Halafu kikauke. Paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili zisipasuke, kiweke kivulini, kisiguse ardhi. Miezi mingapi? Inategemea unene na hali ya hewa ya kwenu, kwa hiyo mimi hupima kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Hiki kimelala juu ya dari ya stoo tangu mwaka jana.

Kuchonga sitawachosha nako. Panga kwanza, kisha randa, kisha tupa yenye meno makubwa. Shoka la kupasulia kuni kwa mikono miwili liwe na mpini wa sentimita 80 hadi 90. Kitakoni acha kivimbe ili usichomoke mkononi. Katikati ufanye wa yai, usiwe wa duara, ili kiganja kijue makali yameelekea wapi bila kutazama.

Hapa mpwa wangu sogea, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Washa kibatari. Pitisha tundu la shoka juu ya ule moshi mpaka ndani kuwe kweusi. Ni masizi tu tunayotaka, chuma kisipate moto. Ingiza mpini taratibu, ugonge kidogo, utoe. Mnaona hivi vidoa vyeusi? Hapo ndipo mbao inapogusana na chuma. Futa kwa tupa vidoa hivyo tu, palipo peupe usipaguse. Rudisha, gonga, toa, tazama. Leo nimerudia mara tisa. Mafundi wanaovalisha vitako vya mbao kwenye bunduki za uwindaji hutumia masizi hayo hayo, kwa sababu macho yanadanganya na kidoa hakidanganyi.

Kila mara tazama pia ukiwa upande wa kitako, jicho moja limefumbwa: makali yawe mstari mmoja na katikati ya mpini. Yakienda kando, rekebisha sasa, baadaye hakuna dawa.

Kabla ya kuingiza mara ya mwisho, pasua mkato kwa msumeno juu ya mpini, ufuate urefu wa tundu, ushuke theluthi mbili ya kina chake. Sasa shika mpini hewani, kichwa kikining'inia chini bila kugusa kitu, upige kitakoni kwa nyundo ya mbao. Kichwa ni kizito, hakitaki kusogea. Mpini ndio unaoshuka ndani yake. Watu hukigonga kichwa chenyewe wakaparua mbao bure. Piga hadi mlio ubadilike na mbao itokeze milimita nne hivi juu ya chuma.

Kabari ichongwe kwa mbao kavu kama mpini, nyembamba mbele, ikinenepa polepole. Igonge kwa utulivu mpaka ikatae, kisha kata kinachozidi, lakini ile milimita nne iache. Imepanuka kuliko tundu, nayo inasaidia kuzuia kichwa kisitoke.

Kuna watu watauliza, mbona usiloweke tu shoka lililolegea kwenye ndoo ya maji usiku kucha? Nililoweka miaka mingi. Mbao inavimba, ndiyo, lakini chuma hakiachii nafasi, basi nyuzi zinajiponda zenyewe. Maji yakikauka mbao inarudi nyembamba kuliko mwanzo, ukaloweka tena. Kwangu iliisha siku kichwa kiliporuka na kutoboa ndoo ya mama watoto, hatua tatu kutoka kwa mtoto. Na msumari ni kabari ya mvivu: unapasua mbao, halafu unashika kutu.

Sasa ulainishaji. Kwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, vaa glavu, kioo kinanyoa vizuri kuliko msasa. Kisha msasa namba 80, 120, 180. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, usubiri ikauke. Vinyuzi vitasimama kama ndevu. Vipitie mara moja tena kwa 180. Mimi sipandi zaidi ya hapo, mpini unaong'aa kama kioo unateleza. Kwa sababu hiyo hiyo sipaki vanishi, inachubua viganja.

Napaka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale ya wauza rangi, yatokanayo na mbegu za kitani. Yanakauka yakawa sehemu ya mbao. Mafuta ya nazi hayakauki, oili chafu ya gari ndiyo kabisa. Paka nyembamba, subiri dakika 15 au 20, futa yote yaliyobaki juu, acha hadi kesho. Rudia mara tatu au nne. Ncha ya juu na kitako zinywesheni mpaka zikatae, unyevu hupenda kuingilia huko. Ukiwa na nta ya nyuki, malizia nayo kidogo.

Kitambaa ulichofutia, sikilizeni vizuri. Usikikunje ukakitupa kwenye kona. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Kitandaze nje kipate hewa, au kizamishe kwenye kopo la maji.

Wiki imepita, mafuta yamekauka. Mpwa, rudi nyuma. Zaidi. Haya, kigogo cha kwanza... hiyo hapo. Nikishapasua kama ishirini hivi naangalia juu: kabari haijapanda, mwanya hakuna. Kichwa kikianza kucheza wiki zijazo, geuza shoka, piga kitako kama mwanzo, ndoo iacheni ichotee maji.