ND pekee haitoshi: namna ya kusoma ripoti ya maabara ya maji

Asanteni kwa kuja jamani, najua jam ya Thika Road jioni si mchezo, kwa hiyo sitazunguka sana. Wengi hapa ni wa kamati za mitaa yenye visima, na swali mnaloniuliza kila mara ni maabara gani nzuri. Mimi jina la maabara sitataja, nitawaonyesha tu unachotazama ukishaletewa ripoti.

Tunaongea kuhusu PFAS, zile kemikali za povu la kuzimia moto, makoti ya mvua na sufuria zisizoshika chakula, pamoja na mabaki ya dawa, maana Nairobi River ilishapimwa zamani ikapatikana na antibiotiki hadi ARV. Sasa shida ni udogo wa vipimo. Marekani mwaka 2024 waliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa kwa PFOA na PFOS, ambazo ni aina mbili za PFAS, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Basi ripoti inakuja imeandikwa ND, haikuonekana, na mwenyekiti anafurahi anaiforward kwa grupu ya WhatsApp. Ngoja kwanza. Haikuonekana kwa mashine inayoanzia kusoma wapi? Kama maabara haiwezi kusoma chini ya nanogramu 50, maji yako yanaweza kuwa na 40, yaani mara kumi ya kile kikomo, na bado ukaandikiwa ND bila mtu kudanganya. Hiyo namba ya chini kabisa idai iandikwe kando ya kila kemikali, isipokuwepo usilipe balansi.

Halafu cheti. Mtu anakuambia tuna ISO 17025, kile kiwango cha kimataifa cha maabara, ya KENAS, shirika la Kenya linaloidhinisha maabara, sawa, hongera, lakini hicho cheti huwa na orodha ya vipimo vilivyokaguliwa, na maabara inaweza kuwa imepita kwa floraidi na E. coli tu. Omba orodha, soma mstari kwa mstari. Logo kwenye letterhead haipimi kitu.

Makosa mengi lakini huanzia kwa mfereji wenyewe. Ile tepu nyeupe fundi anazungushia kwa nyuzi za bomba ni PTFE, jamii hiyo hiyo ya PFAS, so mtu anakinga sampuli hapo hapo chini ya tepu mpya akiwa na koti la mvua, kisha mnashangaa namba imepanda! Chupa iwe ya plastiki ya polipropilini, na pawe na chupa ya pili ya maji safi kutoka maabara ambayo inafunguliwa pale kisimani, inamiminwa kwa chupa tupu, inarudi kupimwa na zile zingine. Hiyo ikisoma PFAS, uchafu ni wa safari ama wa mikono, si wa kisima. Maabara ikikosa kukupa hiyo chupa, mimi ningeondoka.

Pia uliza rikavari, yaani waliweka kiasi cha kemikali wanachokijua kwa maji, na mashine ikasoma asilimia ngapi ya hicho kiasi. Kati ya 70 na 130 tunakubali kwa kawaida, ikiwa 35 hapo hakuna kipimo.

Kuna mama ameuliza nyuma, je tupeleke maabara mbili? Hela ikiruhusu ndiyo, ila kwa viwango hivi moja ikisema 6 na nyingine 8 msianze vita. Hela ikiwa kidogo peleka chupa mbili za maji yale yale kwa maabara moja, kila moja na jina lake, usiwaambie ni maji yale yale, uone kama namba zitakaribiana.