Wageni wa Njiani: Kuwakirimu Ndege Wahamaji Uani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kila majira ya machipuko yakikaribia, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: niwawekee mbegu gani? Jibu langu huwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya ndege wanaopita juu ya mapaa yetu majira haya hawaji kutafuta mbegu. Wanatafuta wadudu. Kwa hiyo ukitaka kuwalisha, anza na miti yako, kisha ndipo ufikirie chombo cha kulishia.

Lakini kwanza tuwajue wageni wenyewe. Mwezi Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, wakili aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo hapakuwa na ushahidi wa wazi wa mahali wanakokwenda mbayuwayu wa Uingereza baridi ikiingia. Au mfikirieni yule ndege mvumaji (hummingbird kwa Kiingereza), mnywaji wa nekta ya maua, mwenye koo jekundu wa Amerika Kaskazini. Uzito wake ni gramu 3 hivi, na bado wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, kilomita zipatazo 800, bila kutua popote. Huondoka amejaza mafuta mwilini, pengine uzito umekaribia kuwa maradufu, na hufika ng'ambo mafuta hayo yamekwisha.

Ndege wadogo waimbao husafiri zaidi usiku. Miaka ya 1960 mtafiti Stephen Emlen aliwaweka ndege chini ya anga la kuigiza, akaonyesha kwamba hujua kaskazini kwa kutazama nyota. Alfajiri ikiwakuta, hutua palipo karibu, wakiwa na njaa na kiu. Ndiyo maana nawasihi mwamke mapema. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye neema, hasa ikiwa usiku upepo uliwasukuma kutoka nyuma, kisha mvua ikawakatiza safari. Kaeni kimya, sikilizeni kwanza, ndipo mwinue darubini. Jani linalotikisika pasipo upepo litawaonyesha pa kutazama.

Sasa chakula. Majani machanga yanapochipua, viwavi huanguliwa na kuanza kuyala, na ndege huja kuwala viwavi. Mtaalamu wa wadudu Douglas Tallamy amewaeleza watu wengi kwamba jozi moja ya ndege wadogo aina ya chickadee huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Hakuna mfuko wa mbegu unaoweza kuchukua nafasi hiyo. Mti wa asili ya mahali unapoishi hubeba viwavi wengi kuliko mti wa kigeni uliopandwa kwa uzuri wake, kwa sababu wadudu wa pale wameuzoea kwa maelfu ya miaka. Na mwenye kupulizia sumu bustanini amewanyang'anya ndege mlo wao, hata akitundika vilishio kumi. Hili nalisema kwa uchungu, maana naliona kila mwaka.

Maji nayo yana nguvu kuliko mbegu. Sahani pana, kina kisichozidi sentimita 5, yenye mawe ya kusimamia. Maji yakidondoka tone kwa tone, sauti yake huwavuta hata ndege ambao hawangekaribia kilishio kamwe.

Wenye ndege wavumaji wawapikie maji ya sukari: kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, basi. Msitie rangi wala asali. Siku za joto yabadilisheni kila baada ya siku mbili au tatu, kwani huchacha.

Usafi nausisitiza kwa sababu uchafu umeua. Uingereza, tangu 2005, ugonjwa wa trikomonosi umewamaliza chiriku wa kijani kwa wingi wa kutisha, na vilishio ni mojawapo ya mahali unapoenezwa. Osheni vyombo kila wiki moja au mbili, mkivikausha kabla ya kuvijaza. Mkimwona ndege amejivimbisha manyoya, hakimbii mkimkaribia, ondoeni kila kitu kwa wiki mbili walau, ili kundi litawanyike.

Wengine huhofia kwamba chakula chetu kitawafanya ndege wasiondoke. Mvumaji haondoki kwa sababu ya njaa. Urefu wa mchana ndio unaomwamsha. Hata hivyo, tusidhani mkono wetu hauna athari. Kuna ndege wa Ulaya ya kati, Sylvia atricapilla, ambaye dume lake lina utosi mweusi. Katika miongo ya karibuni wengi wao wameanza kukaa Uingereza majira ya baridi badala ya kushuka kusini, na chakula cha bustanini kimechangia.

La mwisho ni vioo. Nchini Marekani peke yake, makadirio ya 2014 yalikuwa kati ya ndege milioni 365 na bilioni moja wanaokufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na nyumba za kawaida zina sehemu kubwa katika vifo hivyo. Bandikeni vitone upande wa nje wa kioo, kila kimoja sentimita 5 kutoka kwa mwenzake. Kibandiko kimoja cha mwewe hakisaidii, ndege hupita pembeni yake. Kilishio kiwe chini ya mita moja kutoka dirishani, ili ndege asipate mwendo wa kujiumiza, au mbali kabisa, mita 10 au zaidi. Usiku zimeni taa za nje zisizohitajika, kwani mwanga huwapoteza njia.

Karibuni kwa maswali.