Luigi na Ufito wa Hewani

Ndugu zangu walimu na wachezaji, asanteni kwa kufika. Leo tunamzungumzia mwalimu wa dansi ya jazi, Eugene Louis Facciuto, ambaye ulimwengu wa dansi unamjua kwa jina moja tu: Luigi. Alizaliwa mwaka 1925 Steubenville, jimbo la Ohio, Marekani, kwa wazazi wenye asili ya Italia, akafariki New York Aprili 2015 akiwa na miaka 90. Wasifu wake nitaupitia haraka, kisha tukae kwenye mikono yake, kwa sababu ndipo wengi wanaomwiga wanapoharibu.

Mwaka 1946 alikuwa ametoka jeshi la majini, yuko Los Angeles akijifunza dansi, akapata ajali ya gari. Kichwa kiliumia vibaya, akakaa miezi kama miwili bila fahamu. Alipozinduka, upande wa kulia wa mwili na upande wa kushoto wa uso vilikuwa vimepooza, na macho yakawa yanaona kitu kimoja kama viwili. Madaktari walisema hatatembea tena. Mwaka 1949 alikuwa akicheza kwenye filamu ya On the Town, na Gene Kelly, nyota wa filamu hiyo, ndiye aliyembatiza Luigi, maana Eugene kwa kifupi ni Gene, na seti moja isingebeba akina Gene wawili bila vurugu.

Katikati ya miaka hiyo kuna kazi ambayo kamera haikuiona. Mtu aliyepooza upande mmoja akishika ufito wa ukutani, ule ambao wachezaji hujishikilia wakifanya mazoezi, atasimama vizuri tu. Akiuachia, upande mbovu unaporomoka, kwa sababu mkono ulioshika ndio uliokuwa ukifanya kazi ya mgongo na tumbo. Luigi akauhamisha ufito: akaufikiria uko hewani, pande zote mbili, akawa anaukandamiza.

Simameni kidogo, mnaoweza. Miguu sambamba, upana wa nyonga. Kaza makalio, sogeza nyonga mbele na juu mpaka uzito uje kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, lakini visigino visiinuke. Sasa panua mikono pembeni, chini ya mabega kidogo, viganja vikitazama sakafu, viwiko vimelegea kidogo. Kandamiza hewa kama mtu anayejiinua kwa mikono kutoka ukingo wa bwawa. Mabega yanashuka, mbavu zinapanda, kiuno kinarefuka. Hapo ndipo uzito unapotoka kwenye nyonga, na mguu unakuwa huru kwenda kokote.

Naona makosa matatu hapa ukumbini. La kwanza, kukandamiza kwa vidole: vifundo vya mikono vinavunjika na mgongo haufanyi chochote. Nguvu ianzie chini ya kwapa. La pili, mbavu kuchomoza mbele. Hapo unabinua mgongo wa chini, na kesho utauma. Funga mbavu, vuta tumbo ndani. La tatu, mabega kupanda hadi masikioni, kawaida kwa sababu mtu ameshikilia pumzi. Pumua. Mwenzako aweke viganja vyake chini ya vyako: asipohisi mgandamizo unaolingana kulia na kushoto, bado unaigiza umbo tu. Ketini, asanteni.

Kwake mazoezi ya kupasha mwili hayakuwa ya kujinyoosha ovyo ovyo. Kila zoezi lilipangwa kama dansi fupi, lenye hesabu na muziki wake, likafanywa kulia kisha kushoto bila kukatiza. Kukunja magoti, kunyoosha mguu sakafuni, kuzungusha kiwiliwili: kote mikono inaendelea kukandamiza. Na bega moja linakwenda mbele dhidi ya nyonga, kichwa kikitazama juu ya bega hilo. Nyonga zikigeuka pamoja na mabega, umegeuka tu kama mtu aliyeitwa barabarani. Ule mvutano wa kukinzana, ambao ndio uzuri wenyewe, umepotea.

Alianza kufundisha Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1950, wenzake wakimfuata nyuma alipokuwa akijipasha mwili. Mwaka 1956 akaja New York na Alex Romero, mtunzi wa dansi, kwa ajili ya tamthilia ya Broadway, Happy Hunting, akabaki na kufungua studio. Nyota wa jukwaani kama Liza Minnelli na Ben Vereen walipita darasani kwake. Hata ile hesabu ya kuanzia, tano, sita, saba, nane, wengi humpa yeye sifa ya kuieneza.

Tusimzidishie, lakini. Dansi ya jazi ni mali ya Waamerika Weusi. Ilichezwa kwenye ukumbi wa dansi wa Savoy, pale Harlem, New York, kabla Luigi hajaanza kufundisha, na Katherine Dunham, mchezaji na mwalimu Mwamerika Mweusi, alikuwa na shule yake New York katika miaka ya 1940. Alichofanya Luigi ni kuipa mfumo wa mafunzo wenye damu nyingi ya baleti. Kwa hiyo ukimfundisha Luigi peke yake utapata wachezaji wenye mistari safi na mdundo mwembamba. Mimi ningetumia mfumo wake dakika 40 za mwanzo, kwa muziki wa polepole ili mgandamizo usikatike, halafu dakika zinazobaki ningewarudisha wanafunzi kwenye magoti yaliyolegea, uzito sakafuni na hatua za Savoy.

Maswali sasa. Tuanze na dada pale nyuma.