Mmea wa Kuning'inia kwa Anayeanza: Maji kwa Kidole, Mkasi Bila Huruma

Karibuni tena, jamani. Leo tuko sebuleni kwangu hapa Kampala, na huu mnaouona ukining'inia kwenye nondo za dirisha ni mmea wa pesa. Wengine wanauita pothosi. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, na asili yake ni kisiwa cha Moorea kule Polinesia ya Ufaransa, ingawa siku hizi ukiingia saluni mjini hapa huenda ukaukuta umezungushwa kwenye kioo. Kama hujawahi kutunza mmea ndani ya nyumba, anza na huu. Ni mvumilivu sana.

Tuanze na kununua. Wauza miche wamejaa kandokando ya barabara zetu, na watakuonyesha kwanza ule wenye kamba, yaani shina linalotambaa, ndefu kuliko yote. Usidanganyike. Chukua mfupi uliojaza juu, urefu utaupata nyumbani bila shilingi. Halafu geuza majani uangalie kwa chini. Ukiona vitu vyeupe kama vipamba vimejificha kwenye maungio ya jani, hao ni vidung'ata. Rudisha pale pale, hata kama umeshapatana bei.

Sasa chungu. Hapa nina kisa. Wangu wa kwanza niliupanda kwenye chungu cha kauri kizuri ajabu, nilichonunua duka moja mjini. Hakikuwa na tundu chini, na muuzaji akaniambia hakuna shida. Wiki chache baadaye majani yakaanza kuwa manjano. Nikasema maskini, una kiu, nikaongeza maji. Yakazidi. Nikaongeza tena! Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni, inanuka kama mtaro. Mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa, basi inaoza.

Kwa hiyo tangu siku ile mimi natumia hivi: jerikeni kuukuu la lita tano, nimelikata nusu. Washa sigiri, pasha msumari moto, toboa matundu matano au sita chini. Ushike kwa koleo, tafadhali, na fanyia nje, maana moshi wa plastiki si mzuri. Ukikipenda kile chungu chako cha kauri, tumbukiza jerikeni ndani yake, ila ulitoe wakati wa kumwagilia.

Udongo wetu mwekundu peke yake haufai. Ukikauka unakuwa tofali. Mimi nachanganya makopo mawili ya udongo mweusi wa bustanini, kopo moja la mchanga wa ziwa ule mkubwamkubwa, na kopo moja la chenga za makaa zilizobaki chini ya gunia. Uminye mkononi ukiwa na unyevu kidogo: ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa, uko sawa.

Kuhusu mwanga, zile video za Ulaya zitakuchanganya. Wanasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Sisi tuko kwenye ikweta, mstari wenyewe unapita pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Jua letu mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, mwezi wa Desemba limehamia kusini. Wewe tazama mashariki na magharibi tu. Dirisha la mashariki ni zuri, jua la asubuhi ni la upole. La magharibi, lile jua la saa tisa alasiri linababua majani, kwa hiyo vuta mmea ndani kama mita moja au weka pazia jepesi. Na ukiuficha kwenye kona ya giza hautakufa haraka, ila zile alama za manjano za majani zitafifia na kamba itakuwa nyembamba, majani yameachana.

Haya, maji. Mjomba, sogeza simu hapa karibu. Huyu ni mpwa wangu, ndiye mpiga picha wetu. Watu wananiuliza, "Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Swali hilo silijibu. Dada yangu yuko Arua. Januari, kiangazi kikiwa kikali, wake anaumwagilia kila baada ya siku nne. Mimi hapa Kampala mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, naweza kukaa siku kumi. Rafiki yangu wa Kabale, kwenye baridi ile, anakaa hata wiki mbili. Mmea ni ule ule.

Kwa hiyo tumia kidole. Kiingize kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, namna hii. Kitoe. Mnaona? Udongo umenigandia, kuna ubaridi. Leo hapewi maji. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, yaache yachuruzike, kisha sahani ya chini ya chungu imwage maji yaliyobaki ndani yake. Usimpe kikombe kimoja kila siku kama mtoto wa uji. Majani yakilegea na udongo ni mkavu, ana kiu. Yakiwa manjano na udongo umelowa, umemzamisha.

Mbolea, kidogo tu. Mboji iliyoiva, kiganja kimoja juu ya udongo kila baada ya miezi michache, yatosha. Vumbi la barabarani lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Sasa tufike kwenye jambo linalowatisha wengi. Huu wangu tazama: kamba zimefika sakafuni, lakini huku juu ni upara mtupu. Dawa ni mkasi. Naujua uchungu wake, umelea kamba miaka miwili halafu unaambiwa kata! Kata.

Mjomba, onyesha hapa. Pale jani linapoungana na kamba kuna kifundo, na ubavuni mwake kuna kipele cha kahawia. Kile kipele ni mzizi unaosubiri. Kata chini kidogo ya kifundo. Kila kipande kiwe na kifundo kimoja au viwili na angalau jani moja. Jani lisilo na kifundo linaweza kukaa kwenye maji miezi likiwa kijani, ukajipa matumaini, lakini kamba halitoi. Maji yanayotoka kwenye mkato yanawasha, na mmea huu ukitafunwa unachoma mdomo na ulimi, kwa hiyo nawa mikono, na uutundike juu mtoto na paka wasipofika.

Vipande vitie kwenye glasi, kifundo kizame, majani yabaki nje. Badilisha maji kila siku mbili tatu, la sivyo utakuwa unafuga mbu. Baada ya wiki mbili, tatu, mizizi itaonekana. Ikifika urefu wa kidole, vipande vyote virudi kwenye chungu hiki hiki, pale penye upara. Na ile kamba niliyoikata itachipua yenyewe karibu na mkato.

Hii kamba moja nimeiacha bila kukata. Naizungusha juu ya udongo na kubana vifundo vyake kwa pini za nywele, vishike mizizi hapo hapo.

Glasi naiweka dirishani, nimeandika tarehe kwenye karatasi nikaibandika, maana nitasahau. Eh? Mpwa wangu anauliza kama anaweza kuchukua kipande akapeleke hosteli. Chukua, mjomba. Siyo hicho, hicho ni jani tu. Chukua chenye kifundo.