Kidole Gumba na Daftari la Bibi

RUKIA: Assalaam alaikum, karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia sheria ya Kenya ya kupata habari, lakini Athman, tangu Jumatatu moyo wangu haujatulia.

ATHMAN: Waalaikum salaam. Nilikuona gatini na bibi, hata salamu hukuitika.

RUKIA: Tulikuwa tumetoka ofisini. Karani ametandaza fomu ya Kiingereza, kurasa tatu, akamshika bibi mkono na kumchovya kidole gumba kwenye wino. Hakuuliza kitu. Akajaza kwamba hajui kusoma. Bibi, aliyenifundisha herufi kabla sijaingia nasari!

ATHMAN: Bibi akasemaje?

RUKIA: Kimya mpaka nyumbani. Akasugua kidole kwa ndimu, kisha akaniagiza daftari la mahamri. Madeni ya mtaa mzima, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na wewe umo. Wiki ya Maulidi, mahamri manane na mbaazi.

ATHMAN: Nilikula saba.

RUKIA: Nimepiga picha ukurasa. Soma.

ATHMAN: Lete simu... Jina langu hili. Na hapa, saba.

RUKIA: Umeigeuza simu! Saba ya Kiarabu ukiipindua inakuwa nane, nane inakuwa saba. Ishike sawa.

ATHMAN: Nimeishika sawa. Saba.

RUKIA: Manane! Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani, alipomwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, aliandika kwa herufi zizi hizi. Naye tumchovye kidole?

ATHMAN: Hapo tuko pamoja. Lakini Rukia, fomu haikuandikwa kwa herufi hizo. Kesho bibi akiletewa karatasi ya shamba, daftari halitamwokoa. Mpeleke ngumbaro, darasa la watu wazima, miezi michache tu, asome mwenyewe.

RUKIA: Kwa nini ahame bibi, isihame fomu? Katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Na hiyo sheria ya 2016 inasema asiyeweza kuandika ombi, afisa amsikilize, aliandike yeye, ampe nakala.

ATHMAN: Na afisa akiandika asiyoambiwa? Bibi atajuaje? Kumtegemea msomaji wa mtu mwingine ndiko kunakotuumiza. Kesi ya kupinga kituo cha umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ilishinda kwa sababu kuna watu waliyasoma yale makabrasha mazito.

RUKIA: Ilishinda kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo! Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kituo kwa hilo. Haikuwaambia wazee wa Kwasasi, kilipopangwa kujengwa, waende ngumbaro kwanza.

ATHMAN: Sijasema kwanza. Nasema mtu asiyesoma fomu yake anaibiwa hata sheria ikiwa nzuri.

RUKIA: Nami nasema bibi anasoma. Karani ndiye asiyesoma.

ATHMAN: Hilo halimsaidii bibi akiwa mbele ya dirisha la ofisi.

RUKIA: Basi tubaki hivyo, maana sisogei.

ATHMAN: Wala mimi. Na muda umetutupa mkono. Zile hatua za kuandika ombi hatukuzigusa.

RUKIA: Ofisi ina siku 21 za kujibu ombi, hilo lishikeni. Mengine wiki ijayo, inshallah, Alasiri inaadhiniwa.

ATHMAN: Mwambie bibi nakuja kulipa. Saba.

RUKIA: Njoo na pesa ya manane, akuonyeshe mwenyewe.