Kengele Isipolia: Vijana Wenye ADHD na Kujipanga Chuoni

Ndugu wanachuo, wazazi na walezi,

Shule ya bweni humfanyia kijana mwenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kumakinika, kutulia na kujipanga) kazi kubwa ambayo aghalabu haionekani: kengele humwamsha, kiranja humhimiza aende darasani, na saa za kujisomea usiku zimekwisha kupangwa na mtu mwingine. Ndiyo maana baadhi humaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, kisha wakayumba katika semesta ya kwanza ya chuo kikuu, ambako hakuna anayeuliza kama umeamka.

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba ugumu wa ADHD uko katika kutenda kile ambacho mtu tayari anakijua, na kwamba wakati ujao humwia vigumu kuuhisi hadi uwe umemfikia. Kazi ya kuwasilishwa baada ya wiki tatu huwa kama haipo. Kumwambia kijana huyo ajitahidi hakumsaidii; kwa maoni yangu humdhuru, maana amekwisha kujitahidi hadi amechoka.

Linalofaa ni kuviweka muda na kumbukumbu nje ya kichwa, pale pale kazi inapofanyikia. Saa ya mishale ukutani ni bora kuliko ya simu, kwani ni nani kati yetu hufungua simu akaishia kutazama saa tu? Ratiba ikae katika daftari moja, na kazi ndefu igawanywe mpaka hatua ya kwanza iwe ndogo kabisa, kama vile kufungua faili na kuandika jina la somo, kisha kila hatua ipewe siku yake na mtu wa kuonyeshwa. Kusoma ukiwa umeketi na mwenzako, hata kama masomo yenu ni tofauti, huwafaa wengi kuliko kujifungia chumbani. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa chuo, likiingia, kodi ya chumba ilipwe siku hiyohiyo.

Tarajieni kwamba mbinu yoyote itachosha baada ya majuma machache. Ibadilisheni bila kujilaumu.

Anayeshuku kuwa ana hali hii amwone daktari wa afya ya akili, na abebe ripoti zake za shule ya msingi zenye maoni ya walimu, kwa kuwa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili (DSM-5) wa mwaka 2013 unataka dalili kadhaa ziwe zimejitokeza kabla ya umri wa miaka 12.