Hamira Nayo Inahitaji Hewa

Nimelisema hili hapa Mtwara mpaka nimechoka, na leo narudia: aliyekwambia hamira haihitaji hewa amekupa nusu ya habari. Kugeuza sukari kuwa pombe, kweli haihitaji. Kujenga utando wa seli yake, inahitaji.

Chukueni uraka, pombe ya mabibo. Masheikh mniwie radhi, sifundishi kupika. Mabibo yamekamuliwa, maji yake yako kwenye dumu, povu linapanda. Kwenye utando wa kila seli ya hamira mna ergosteroli, ndugu wa kolesteroli yetu, ndiyo inayoukaza usivuje. Seli hutengeneza skwaleni, malighafi ya ergosteroli, bila hewa kabisa. Lakini kutoka hapo hadi ergosteroli moja, zinaliwa molekuli 12 za oksijeni! Inyime hewa tangu mwanzo, skwaleni inarundikana, ergosteroli hakuna. Seli mama ikichipua inamgawia mtoto kidogo ilichonacho, mtoto naye akichipua anagawa hichohicho. Baada ya vizazi vichache utando unalegea, pombe inaudhuru, na uchachu unasimama sukari ingalipo. Andreasen na Stier walionyesha mwaka 1953 kwamba hamira isiyo na hewa haikui vizuri mpaka iwekewe ergosteroli.

Naona mtu pale nyuma anakunja uso: mbona dumu la bibi limefunikwa na uraka unachacha? Kwa sababu bibi alikamua na kumimina hewani! Hapo seli ilijiwekea akiba. Steroli inayozidi haiachwi kwenye utando. Inaunganishwa na asidi ya mafuta, inapoteza upande wake unaopenda maji, kisha inawekwa pamoja na trigliseridi, yaani mafuta ya akiba, kwenye vitone vya mafuta ndani ya seli, kama mpunga kihengeni. Hewa ikikatika, seli inaichambua na kuirudisha kwenye utando.

Muda umekwisha, naona saa inanyooshewa kidole. La mwisho hili.

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, najua, fangasi wake si wa seli moja kama hamira, usininyooshee mkono. Ila ni fangasi, na dawa za triazoli zinaziba kimeng'enya kimoja tu kwenye njia hiyohiyo ya ergosteroli. Salfa inampiga sehemu nyingi. Ukipuliza triazoli peke yake msimu baada ya msimu, fangasi atazoea. Someni lebo: chupa mbili za majina tofauti zikiwa zote na heksakonazoli, mojawapo ya triazoli, hujabadilisha dawa.

Haya, maswali. Wewe wa mkono, anza.